Mutoto Aliye Safarini Naye Achanjwe

Leo tunataka kusema habari ya watu wanaohama, na habari ya magonjwa yanayozuiwa kwa chanjo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Pahali watu wanapohama mara kwa mara, magonjwa hayo hupata njia.

Tazameni watu wa inchi yetu ya Kongo. Wengi hawakai pahali pamoja. Kuna mukimbizi aliyetoka kijijini usiku kwa sababu ya vita, akibeba mutoto mugongoni na sufuria kichwani. Kuna muchimbaji wa dhahabu au koltani anayehama kila mara habari ya shimo jipya inaposikiwa, pamoja na muke na watoto. Kuna muvuvi wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Albert anayefuata samaki toka kambi hata kambi. Kuna mufugaji anayefuata majani, na mufanya biashara anayelala leo muji huu na kesho muji mwingine. Wote hao wana watoto. Na mara nyingi watoto hao hawakuandikwa katika kitabu cha dispanseri yo yote.

Surua ni ugonjwa gani?

Magonjwa ya namna hii ni mengi, lakini tutasema kwanza surua, kwa maana ndiyo inayoshika watoto wa safarini kwa upesi kupita mengine yote.

Surua inatoka kwa kidudu kidogo sana kinachokaa katika pumzi ya mugonjwa. Mugonjwa akikohoa au akipiga chafya, kidudu hiki kinatoka na kukaa hewani. Kinaweza kukaa ndani ya nyumba hata saa 2 nzima baada ya mugonjwa kwenda zake. Kwa hiyo mutoto anaweza kushikwa na surua katika nyumba isiyo na mugonjwa tena. Pahali ambapo hakuna mutu aliyepata kinga, mugonjwa mumoja anaweza kuambukiza watu 12 hata 18. Tena anaanza kuambukiza siku 4 mbele ya vipele kuonekana, wakati mama yake anafikiri ni mafua tu, na anaendelea kuambukiza siku 4 baada ya vipele kutokea.

Dalili zake ni hizi: homa kali, kikohozi, kamasi, na macho mekundu yenye machozi. Kisha vipele vinaanza usoni na nyuma ya masikio, vinashuka kifuani, tumboni, hata miguuni.

Lakini vipele sivyo vinavyoua. Mutoto wa surua anakufa zaidi kwa sababu ugonjwa unashuka katika mapafu, au anaharisha hata maji ya mwili yanakwisha, au anashindwa kula kwa ajili ya vidonda vya mudomo. Wengine wanapona lakini wanabaki vipofu. Na jambo lingine waganga wamelijua vizuri katika miaka hii: surua inausahaulisha mwili. Kinga ambayo mutoto alikwisha kupata juu ya magonjwa mengine inaharibika, na kwa muda murefu anashikwa kwa urahisi na kila ugonjwa unaopita. Ndiyo maana mama anashangaa akisema: “Mutoto wangu alipona surua, lakini tangu siku ile hana nguvu.”

Kwa nini watu wa safarini wanashikwa zaidi?

Wengine husema: “Wageni hawa ndio wanaotuletea magonjwa.” Maneno haya si ya haki. Mugeni hana damu mubaya kupita damu yetu. Sababu ni hizi:

1. Siku ya chanjo ilimupita njiani. Mutoto alipofikia miezi 9, mama alikuwa anakimbia, wala hakuwa karibu na kituo cha afya.

2. Karti ilipotea. Mutu akikimbia risasi, anashika mutoto, hashiki karatasi.

3. Wanalala wengi pamoja. Katika shule, katika kanisa, au chini ya shiti moja, jamaa nne au tano wanavuta hewa moja.

4. Njaa. Mutoto asiyekula vizuri, aliyepungukiwa na vitamini A, anaumizwa na surua kuliko mutoto mwenye afya.

5. Kituo walichokimbilia hakikuwatazamia. Kituo kinapewa chanjo kwa hesabu ya watu wa pale. Watu wakizidi mara mbili kwa juma moja, chanjo haitoshi.

6. Mugeni anaogopa. Hajui lugha ya pale, hajui kama ataombwa feza, anaogopa kuulizwa vitambulisho. Basi anakaa kimya na mutoto wake.

Mambo yaliyotokea

Tusifikiri hayo ni maneno tu. Mwaka 1985, watu waliokimbia njaa na vita vya Ethiopia walikusanyika katika kambi ya Wad Kowli, katika inchi ya Sudani. Surua iliingia kati yao ikaua watoto wengi mno. Kwa misiba kama hiyo watu wa afya walijifunza kwamba chanjo ya surua haipaswi kungoja. Inapasa kutolewa katika siku za kwanza za kambi, pamoja na maji, chakula na pahali pa kulala.

Hapa kwetu Kongo, tangu mwaka 2018 hata mwezi wa Agosti 2020, surua iliua watu zaidi ya 7,000, na karibu wote walikuwa watoto wadogo. Katika mwaka 2019 peke yake watu zaidi ya 300,000 walizaniwa kuwa na ugonjwa huo. Wakati ule ule kulikuwa na Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ebola iliua watu 2,287, na dunia yote ilitetemeka. Surua iliua mara tatu zaidi, lakini wengi hawakusikia habari yake, kwa sababu watu wameizoea. Ugonjwa uliozoewa unaua bila kelele.

Katika miaka 2022 na 2023 vita vilisukuma watu wa Rutshuru na Masisi kwenda pande za Goma. Walijaa Kanyaruchinya, Bulengo na pahali pengine, katika vibanda vya shiti na matete. Huko nako surua na kipindupindu, kinachoitwa kolera, vilionekana.

Na habari ya kolera tuna jambo la kukumbuka. Mwezi wa Julai 1994, watu mamia ya maelfu waliingia Goma toka Rwanda. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Walikunywa maji ya ziwa bila dawa, na chanjo ya kuwasaidia haikuwako. Lakini mwaka 2015, watu wa Burundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, kolera ilishika watu zaidi ya 3,000. Safari hii kulikuwa na chanjo ya kolera ya kumeza, maana tangu mwaka 2013 kuna akiba yake inayowekwa kwa ajili ya inchi zote zenye shida. Chanjo hiyo ilitolewa katika kambi ya Nyarugusu, pahali wakimbizi hao walipopelekwa, pamoja na maji safi na vyoo. Tazameni tofauti. Wakimbizi wanaweza kulindwa, kama watu wenye chanjo wanakwenda kwao.

Habari ya mupishi wa Merca

Zamani kulikuwa na ugonjwa wa ndui, ulioua watu wengi katika dunia nzima na kuacha wengine na makovu usoni. Tangu mwaka 1796, wakati muganga Edward Jenner wa Uingereza alipoonyesha njia ya kuchanja, watu walianza kuuzuia. Katika Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, mugonjwa wa mwisho wa ndui alionekana mwaka 1971. Lakini pande za Somalia ugonjwa ulibaki kati ya wafugaji wanaohama. Leo wako hapa, kesho hawako. Wachanjaji walipofika, waliona majivu ya moto tu.

Mwezi wa Oktoba 1977, watoto wawili wa wafugaji hao waliopatwa na ndui walipelekwa kwa motokari katika muji wa Merca. Kijana mumoja, Ali Maow Maalin, mupishi wa hospitali ya pale, aliingia motokarini kuonyesha njia. Ilikuwa safari ya dakika chache tu. Kijana huyu alikuwa anafanya kazi hospitalini, lakini hakuwa amechanjwa, maana aliogopa maumivu ya sindano. Akashikwa na ndui. Watu wa afya wakatafuta kila mutu aliyekutana naye, wakachanja muji, na ugonjwa haukuendelea. Ali alipona. Akawa mutu wa mwisho katika dunia kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Miaka mingi baadaye Ali alizunguka inchi yake akiwahimiza wazazi kuchanja watoto wao juu ya polio, na aliwaeleza habari yake mwenyewe. Alikufa kwa malaria mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo.

Habari hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza: ndui haikukwisha kwa kuwafukuza wanaohama. Ilikwisha kwa kuwafuata na kuwachanja. La pili: mutu anaweza kukaa karibu sana na dawa, hata kufanya kazi hospitalini, lakini dawa isipoingia mwilini mwake haimusaidii.

Chanjo inafanya kazi namna gani?

Chanjo inaufundisha mwili kumujua adui mbele hajafika. Ndani yake mumo kidudu kilichozoofishwa au kuuawa, au kipande chake tu. Mwili unakiona, unatengeneza silaha zake, unaziweka akiba. Adui wa kweli akija, anakuta mulango umefungwa.

Tena chanjo inalinda hata jirani. Ninyi munajua moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Ukikuta nyasi kavu pahali pote, unakula kilima chote. Ukikuta nyasi zimefyekwa kuzunguka nyumba, unazimika. Kwa surua, katika watu 100 inapasa karibu 95 wawe na kinga ndipo ugonjwa ukose njia. Kijiji kikichanja watoto wake na kuwaacha watoto wa kambi iliyo kando ya muto, kimefyeka upande mumoja tu. Na watoto wa kijiji wenyewe hawajalindwa wote: wako wachanga wasiofikia siku za chanjo, na katika watoto 100 waliochanjwa surua mara moja wakiwa na miezi 9, karibu 85 ndio wanaopata kinga. Ndiyo sababu dozi ya pili inatakiwa.

Wakati wa chanjo katika inchi yetu ni huu:

Mutoto akizaliwa: BCG juu ya kifua kikuu, na matone ya polio.

Akiwa na majuma 6, 10 na 14: chanjo juu ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, ugonjwa wa ini na ugonjwa wa mapafu, na tena matone ya polio. Wanapewa vilevile chanjo ya kumeza juu ya kuhara.

Akiwa na miezi 9: surua na homa ya manjano. Baadaye, katika mwaka wa pili, dozi ya pili ya surua.

Mama mwenye mimba naye apate chanjo ya pepopunda, amulinde mutoto wakati wa kukatwa kitovu.

Pahali pa wakimbizi, au kama surua imekwisha kuingia, mutoto anaweza kuchanjwa surua akiwa na miezi 6. Lakini dozi hiyo ya mapema ni musaada wa haraka tu. Akifikia miezi 9 inapasa achanjwe tena.

Maswali ya wamama

Mama mumoja anafika kituoni, anasema: “Muganga, nimetoka Masisi. Nafikiri mutoto alichanjwa, lakini karti ilichomeka pamoja na nyumba.”

Jibu: “Pole, mama. Keti. Tutamuchanja leo.” Karti ikikosekana, mutoto ahesabiwe kama asiyechanjwa surua. Kupata chanjo ya surua mara mbili au tatu hakumuumizi. Kukosa hata moja kunaweza kumuua. Kwa BCG, tutazame mukono wake, maana mara nyingi inaacha kovu dogo.

“Muganga, alipata sindano ya kwanza tu, na miezi imepita. Inapasa tuanze upya?”

Hapana, mama. Tunaendelea pale alipoachia. Dozi ya kwanza haikupotea.

“Ana mafua na homa kidogo. Nirudi juma lijalo?”

Hapana. Mafua, homa kidogo, kuhara kidogo, hata kukonda kwa njaa, havikatazi chanjo. Mutoto aliyekonda ndiye anayeihitaji zaidi. Na mama aliye safarini akiambiwa arudi juma lijalo, labda juma lijalo atakuwa inchi nyingine. Sisi waganga nasi tukumbuke neno hili: chupa ya chanjo ya surua ikifunguliwa haikai zaidi ya saa 6, na wengine wanaogopa kuifungua kwa ajili ya mutoto mumoja. Lakini dozi zinazotupwa si hasara kubwa kuliko kaburi la mutoto.

“Baada ya sindano mutoto alipata homa. Ni chanjo iliyomuuguza?”

Mukono unaweza kuuma siku moja au mbili. Kwa chanjo ya surua, watoto wengine wanapata homa au vipele vidogo kati ya siku ya 7 na ya 12. Hiyo ni kazi ya mwili ukijifunza, na inapita yenyewe. Mupe maji na maziwa yako. Homa ikiwa kali au ikikaa, mulete, kwani inaweza kuwa malaria.

“Wataniomba feza?”

Chanjo za PEV, ndiyo kazi ya serikali ya kuchanja watoto, hutolewa bure. Mama asibaki nyumbani kwa sababu mufuko wake ni mutupu.

“Mungu ndiye mulinzi. Kwa nini sindano?”

Mutu mwenye imani anaomba juu ya shamba lake, na tena anajenga ua juu ya mbuzi. Hakuna aliyemwambia kwamba ua ni kukosa imani. Na tukumbuke kwamba Bwana wetu mwenyewe, akiwa mutoto, alibebwa usiku kukimbilia Misri, na wazazi wake hawakukaa wakingoja hatari ifike mulangoni.

Kama surua imekwisha kumushika mutoto

Musimufungie gizani, wala musimunyime maji, maziwa, au chakula. Musitie majani wala maji ya dawa ya kienyeji machoni. Mumulete upesi. Hospitalini atapewa vitamini A siku mbili zikifuatana, ili kulinda macho na uzima wake: kwa mutoto wa miezi 6 hata 11 ni dozi ya 100,000 kila siku, na kwa mutoto wa mwaka mumoja na zaidi ni 200,000. Akipumua kwa mbio, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au akishikwa na kifafa, hiyo ni hatari ya leo, si ya kesho. Na mukifika hospitalini, semeni mulangoni kwamba mutoto ana vipele, musimuketishe kati ya watoto wengine.

Kazi ya kanisa na ya wenyeji

Makanisa mengi ya mashariki yamefungua milango yao kwa wakimbizi. Hiyo ni kazi njema. Lakini kulaza watu 60 chini ya paa moja bila chanjo ni kukusanya nyasi kavu. Kwa hiyo fanyeni hivi:

Wageni wakifika, shemasi au mama wa kanisa aandike majina ya watoto wote wa chini ya miaka 15, na miezi au miaka yao. Apeleke hesabu hiyo kituo cha afya siku ile ile, asingoje mutoto wa kwanza augue. Kituo kinahitaji hesabu ili kuomba chanjo, maana chanjo inakaa katika frigo, katika baridi ya digri 2 hata 8, na kuileta kunataka siku.

Mwenyeji anayejua lugha ya wageni aende pamoja nao. Mama mugeni anaogopa mulango wa dispanseri. Akiwa na mwenzake, haogopi.

Siku ya Jumapili tangazo la chanjo lisomwe kwa lugha zote zinazosikiwa pale. Siku ya soko litangazwe sokoni na kwenye kambi ya wachimbaji, maana wao hawaji kanisani kila juma.

Na wewe unayejua kwamba utahama, tia karti ya mutoto, ambayo wengine huiita fishi, katika mufuko wa plastiki, uifunge pamoja na vitu usivyoweza kuviacha. Ukifika pahali pya, jambo lako la kwanza baada ya maji na pahali pa kulala liwe kuuliza: “Wanachanja wapi hapa?”

Mwezi ujao, mukihesabu watoto wa shule ya Jumapili, hesabuni na wale wanaosimama mulangoni na kuchungulia. Ulizeni majina yao. Ulizeni kama wamechanjwa.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Mugonjwa wa surua anaanza kuambukiza wengine lini?
2. Taja sababu tatu zinazofanya watoto wa safarini kukosa chanjo.
3. Mama asiye na karti afanyiwe nini?
4. Kwa nini kuchanja watoto wa wageni kunalinda watoto wa kijiji?
5. Katika kanisa letu, ni nani atakayeandika majina ya watoto wageni juma hili?